Michoro ya Nyalugembe na Kura ya Jumamosi

Niliondoka nyumbani Mhunze kwa sababu ya simu ya Rozalia. Tulisoma chuo kimoja cha ualimu, tukalala bweni moja, tukawa tunagombana na kupatana kila wiki. Mimi nikaishia kufundisha historia sekondari hapa Kishapu. Yeye, Msumbwa wa Ushirombo, akapangiwa shule ya msingi Nyalugembe, kijiji kilicho ndani kidogo ukishatoka Katoro, mkoani Geita. Rozalia si mtu wa kupiga simu bila jambo. Alinisalimia haraka haraka, kisha akasema, "Mama Sayi, wanataka kulivunja jiwe langu."

Jiwe lenyewe nilikuwa nalijua kwa kusimuliwa. Nyuma ya shule yao kuna kilima cha mawe, na jiwe moja kubwa limeinama mbele, limekuwa paa. Ukutani chini ya paa hilo kuna michoro ya rangi nyekundu: duara ndani ya duara, mistari inayotoka pembeni kama miale ya jua, na kitu chenye shingo ndefu ambacho watoto wanakiita twiga. Hakuna ajuaye nani aliichora. Rozalia alikuwa amepageuza mahali hapo darasa la historia la darasa la sita na la saba. Vitabu vinataja michoro ya Kondoa, ambako hakuna mtoto wa Nyalugembe aliyewahi kukanyaga. Yeye akaona, ya nini kuwahadithia ya mbali na yetu hii hapa?

Sasa kwenye nchi ya dhahabu, alama yoyote juu ya jiwe ina tafsiri moja tu: Mjerumani. Watu wanasema Mjerumani alificha mali alipokuwa anakimbia vita, akaacha alama ili wajukuu wake waje waichukue. Hata kwetu Kishapu utaisikia habari hiyo, lakini Geita watu wanaifanyia kazi. Kundi la wachimbaji wadogo lilikuwa limeiangalia michoro ya Nyalugembe, likasema duara ni shimo na miale ni uelekeo wa mwamba wa dhahabu. Wakaomba kijiji kiwape eneo. Mkutano wa kijiji ungepiga kura Jumamosi.

"Kuna sheria inayolinda vitu vya kale," nilimwambia Rozalia.

"Sheria ipo. Afisa utamaduni nimempelekea taarifa, amesema atakuja. Hakusema lini. Hawa wakipewa ruhusa wanaanza Jumatatu na nyundo."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Wewe una mdomo. Njoo uongee."

Ni kweli, mdomo ninao. Nikaomba ruhusa kwa mkuu wangu wa shule, nikamwachia mume wangu maelekezo ya ng'ombe na ya watoto, kwa mpangilio huo, nikafunga begi.

Ijumaa alfajiri nilipanda basi la Shinyanga. Ulikuwa msimu wa pamba, na pale Mhunze marobota yalikuwa yamepangwa nje ya ghala mpaka barabarani. Jirani yangu kwenye kiti, mama mmoja anayeuza michembe, yaani viazi vilivyokatwa na kukaushwa, aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda Geita kwa ajili ya jiwe. Akanitazama vizuri toka juu mpaka chini. "Mwalimu, na wewe umeingia kwenye dhahabu?" Nikajaribu kumweleza habari ya michoro. Alinisikiliza kwa heshima zote, na tuliposhuka Shinyanga akanitakia nipate nyingi.

Kahama nilifika kabla ya saa sita. Nilikula wali pale stendi, wali wa Kahama usioufanyia haraka, nikaingia gari la kwenda Geita kwa njia ya Bugarama. Kuanzia hapo nchi inabadilika. Mashamba ya mpunga na mahindi yapo, lakini kila baada ya muda unaona turubai za bluu kichakani, rundo la kifusi, na mtu mwenye tope mpaka masikioni anakula mkate wima. Bugarama tulisimama muda mrefu. Kuna mgodi mkubwa pale, na uzio wake ukiuangalia huoni mwisho. Nje ya uzio, mama mmoja muuza chai alinimiminia kikombe, nikamuuliza kama kwao kuna mawe yenye alama.

"Yalikuwepo," akasema. "Kaka yangu na wenzake walichimba chini ya moja mpaka likaanguka."

"Wakapata nini?"

"Jiwe lililoanguka."

Alisema hivyo bila kucheka wala kununa, akaendelea kuosha vikombe. Kufikia hapo nilikuwa nalichukulia jambo la Rozalia kama ubishi wa kijiji, na mimi ubishi naupenda. Pale Bugarama ndipo nilipoogopa. Jiwe likishavunjwa, hata niwe na mdomo mpana namna gani, silirudishi.

Geita mjini sikukaa. Jioni ilinikuta Katoro, mji usiojua kunyamaza: spika za maduka ya simu, karasha zinazosaga mawe huko nyuma, bodaboda wanaokuita mama, bosi na mchumba ndani ya sentensi moja. Kijana mmoja akanibeba mpaka Nyalugembe kwa barabara ya vumbi jekundu. Niliposhuka nilikuwa wa rangi ya tofali, na watoto wa Rozalia walinipa shikamoo huku wakijizuia kucheka. Nikawaitikia marahaba kwa sauti ya ukali kidogo, wakakimbia kuniletea maji.

Rozalia hakuniacha hata ninywe chai. "Jua halijazama, twende ukalione." Tukazunguka nyuma ya madarasa, tukapanda. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kidogo, maana Rozalia huongeza chumvi. Safari hii alikuwa ameipunguza. Lile duara kubwa lilikuwa pana kuliko mikono yangu miwili nikiinyoosha, na rangi yake ni nyekundu nzito ya udongo, imeingia ndani ya jiwe. Machozi yalinitoka, na sioni aibu kusema hivyo.

Chini ya ukuta kulikuwa na wanaume wanne wamekaa wanacheza isolo, ndiyo bao kwa Kisukuma. Bao lao lilikuwa limechongwa juu ya bamba la jiwe lililolala chini, mashimo yake yamelainika kwa kuchezewa. Mmoja wao alikuwa mtu mnene wa makamo, shati safi, tochi ya wachimbaji bado iko kichwani. Rozalia akaninong'oneza kwamba huyo ndiye Luhende, Baba Mabula, kiongozi wa kundi linalotaka eneo.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, alipojua natoka Kishapu. "Karibu sana. Umekuja kutupiga kesho?"

"Kwa maneno tu, Baba Mabula."

"Maneno hayaumi. Karibu uone bao letu." Akapigapiga lile bamba kwa kiganja. "Hili walichonga mababu zangu, Balongo, wahunzi wa chuma wa mtemi. Kabla Mzungu yeyote hajakanyaga huku. Uliza kijiji kizima." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali, na Rozalia pia. Hilo halibishaniwi na mtu Nyalugembe. Nikamwuliza ile michoro ya ukutani je. Akasema, bila hata kugeuza shingo, "Hiyo ya Mjerumani," akapakua kete zake na kuendelea kucheza.

Usiku ule nilikula ugali kwa dagaa, nikaandaa hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri. Nilimsomea Rozalia, akasinzia katikati, nikamwambia amechoka.

Jumamosi asubuhi kijiji kilikusanyika hukohuko kilimani. Mwenyekiti wa kijiji, bwana Maganga, mpole asiyependa kugombana na mtu, aliona ni heri watu wapige kura huku wanakiona wanachokipigia. Wachimbaji walisimama upande mmoja, kundi zima. Wakulima na wafugaji wakakaa upande wa pili, kina mama mbele. Wanafunzi wa darasa la sita walikaa chini karibu na ukuta, mahali pao pa kila wiki. Bamba la bao lilikuwa tupu, kwa kuwa siku ya mkutano hakuna anayecheza.

Luhende aliongea kwanza, kwa kifupi. Barabara mbovu, zahanati haina paa zuri, vijana wanahangaika Katoro, na hapa tumekalia mali. Watu wakamwelewa. Mimi mwenyewe nilimwelewa, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Kisha nikapewa nafasi. Nikaanza na wawindaji wa kale waliokaa mapangoni kabla ya kilimo. Nikaeleza rangi ilivyotengenezwa kwa udongo na mafuta. Nikataja Kondoa, nikataja urithi wa taifa. Nilipofika kwenye urithi wa taifa, bibi mmoja mbele yangu alifungua kitenge akakifunga upya, polepole, mtu anayejipa kazi. Mchimbaji mmoja akanyoosha mkono kwa adabu. "Mwalimu, hayo ni ya vitabuni. Wewe ulikuwepo? Sisi tunaambiwa na wazee wetu ni Mjerumani, wewe unaambiwa na kitabu ni mwindaji. Kila mtu na chake." Watu wakacheka, na nusu ya waliocheka walikuwa upande wangu. Nikakaa chini. Mdomo wangu wote ule uliotoka Kishapu kwa magari manne na bodaboda ulikuwa umekwisha kazi.

Mwenyekiti akasema basi tupige kura. Hapo Rozalia akasimama. "Mwenyekiti, naomba kipindi changu kwanza. Leo watoto wapo, na hawajasoma." Maganga akatazama huku na huku, akakuta hakuna anayekataa watoto kusoma, akaruhusu.

Sasa nieleze Rozalia anavyofundisha, maana ndipo kila kitu kilipogeukia. Hawaambii watoto michoro ina maana gani. Amewakataza kuigusa, amewakataza kuimwagia maji ing'ae, kama watu wazima wanavyofanya wakija na wageni. Anawaachia watazame, kisha anauliza maswali mawili tu: unaona nini, na nini hakipo? Ni hilo tu, wiki baada ya wiki. Mimi nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani ni uvivu.

"Unaona nini?" akauliza.

Wakajibu mmoja mmoja, wamezoea. Duara. Miale. Twiga. Mmoja akasema si twiga, ni mbuni, wakabishana kidogo.

"Nini hakipo?"

Binti mmoja, Minza, mwembamba, mwenye sauti ambayo ilibidi tuinamie kuisikia, akasema, "Mwalimu, hili duara dogo la chini, nusu yake haipo. Jiwe limekatika hapo."

Ni kweli. Pale chini ukuta ulikuwa umemeguka, na duara likaishia kwenye ukingo wa pale palipomeguka.

"Ilienda wapi?" Rozalia akauliza.

Minza akaangalia ukuta, akaangalia chini, akaangalia bamba la bao. Hakusogea. Nikashangaa kwa nini hasogei, mpaka nikakumbuka: kwetu sote huku, mtoto hakaribii isolo ya wazee. Bamba lile lilikuwa na wanaume juu yake kila siku, toka watoto wale wazaliwe. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kulitazama kwa karibu, na mwalimu wao mwanamke naye hakuwahi kuinamia katikati ya wanaume wanaocheza. Na wanaume wenyewe walipokuwa pale, walikuwa wanatazama kete.

Minza akamgeukia Luhende. "Shikamoo Baba Mabula. Naomba kutazama bao."

Luhende akaitikia. "Marahaba. Tazama tu."

Watoto wakalizunguka bamba, wakapuliza vumbi kwa midomo. Kwenye ukingo mmoja, ule uliokuwa umeegemea ukuta, ikatokea rangi nyekundu iliyofifia. Ilikuwa mstari uliopinda. Ilikuwa nusu ya duara. Watu wakaanza kusimama kuona, mwenyekiti akawa anawaomba wakae, naye mwenyewe amesimama.

"Bamba lilianguka toka ukutani," akasema mtoto mmoja.

"Likiwa limeshachorwa," akasema mwingine.

Minza alikuwa bado amepiga magoti. Akaweka kidole karibu na shimo la mwisho la bao, bila kugusa. Mstari wa rangi ulifika pale kwenye shimo, ukapotea, ukaendelea ng'ambo ya pili. "Baba Mabula," akasema, "wewe ndiye unajua mawe. Tuangalizie. Kipi kilitangulia, shimo au rangi?"

Nikaona jasho kwenye shingo ya Luhende. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema haionekani. Lakini nyuma yake walisimama wachimbaji wenzake wote, watu wanaoishi kwa kusoma jiwe, na wote walikuwa wameshanyoosha shingo. Mtu wa kazi hiyo hawezi kusoma jiwe vibaya mbele ya wenzake halafu wakamfuata tena shimoni. Akawasha tochi yake mchana ule, akapiga magoti kando ya Minza, akainamisha kichwa karibu na shimo. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa ndani wa shimo.

"Ndani hakuna rangi," akasema hatimaye. "Shimo limeikata rangi. Rangi ilitangulia."

Mwenyekiti Maganga, yule mpole asiyependa ugomvi, akauliza taratibu, "Na mashimo haya alichonga nani, Baba Mabula?"

"Mababu zangu."

"Lini?"

Luhende akanyanyuka, akajipangusa magoti. Akatazama ukuta kwa mara ya kwanza toka nimfahamu. "Kabla ya Mjerumani," akasema.

Kicheko kilichotoka pale kilianza kwa kina mama, kikawafikia wachimbaji, na Luhende mwenyewe kikambeba. Yule mchimbaji aliyenikalisha chini hakukubali kirahisi. Akasema labda hao waliochora nao waliacha dhahabu. Alijibiwa na Luhende, si mimi. "Mababu zangu walikuwa wahunzi. Wameishi juu ya kilima hiki wanachimba mawe ya chuma na kuyayeyusha. Kungekuwa na dhahabu hapa chini wangeiacha, halafu mimi mjukuu wao nilale kwenye turubai?"

Kura ikapigwa kwa mikono. Wa kutaka kuchimba, mikono michache, mingine ilishuka kabla haijahesabiwa. Wa kutaka jiwe libaki na liwe la shule, nikaona msitu wa mikono, na mkono wa Luhende ulikuwemo, umenyooka, saa inang'aa. Rozalia alikaa chini palepale kwenye vumbi, akafunika uso kwa mikono. Nikamkumbatia, tukalia wote wawili kama tuliofiwa, na watoto wakashangilia kwa makofi ya shuleni, yale ya pasha pasha. Mkutano uliongeza maamuzi mengine mawili: wazee watafute mahali pengine pa kuchezea, na barua iende wilayani leo hii kuomba eneo litambuliwe. Barua ile aliibeba Luhende mwenyewe kwa pikipiki yake.

Jumapili tulienda misa, tukala kuku ambaye sikumwomba, na wazazi wa Minza wakaja kuniletea karanga. Baba yake aliniambia alikuwa ameshakubaliana na Luhende kufanya kazi shimoni kama kura ingepita. Nikamuuliza kama amesikitika. Akajibu, "Nimesikitika kidogo. Lakini mwanangu amemfanya Bosi apige magoti."

Jumatatu nilirudi kwa njia ya Ushirombo. Njiani nilipanga upya masomo yangu kichwani. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na nimekuwa nikiamini kazi yangu ni kuwapa watu majibu mazuri. Nyalugembe majibu yangu mazuri yalichekwa. Kilichoshinda ni watu kuoneshwa kitu chao wenyewe, wakaulizwa, wakatamka jibu kwa midomo yao wenyewe. Jibu ulilolitamka mwenyewe mbele ya majirani huwezi kulikana kesho yake. Hilo nalichukua, na darasa langu la kidato cha pili litaanza nalo juma hili, tukianzia na makaburi ya watemi yaliyo jirani na shule.

Ushirombo tulipakia abiria. Kijana mmoja aliyebeba jenereta ndogo alikaa mbele yangu, na kabla hatujatoka mjini alikuwa ameshamwanzia jirani yake habari. Huko Katoro, akasema, kuna jiwe limechorwa na watu wa zamani, wachimbaji walitaka kulivunja, mtoto wa shule akawazuia. Kwenye simulizi yake mtoto alikuwa wa darasa la kwanza na wachimbaji walikuwa na bunduki. Ulimi uliniwasha. Nikajizuia kwa shida nisimsahihishe, nikainama mbele nikamuuliza tu, "Kijana, wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, mama. Nimesikia jana sokoni."

"Mimi nasikia alama zile ni za Mjerumani."

Akageuka kwenye kiti chake, akanitazama kwa huruma, mtu anayemwonea huruma mama mtu mzima asiyejua. "Haiwezekani, mama. Bao la wahunzi limeikata rangi. Kinachokatwa ndicho kilitangulia. Sasa Mjerumani angechoraje kabla ya babu zetu, na alikuwa bado hajafika?" Akachora duara kwenye vumbi la kioo cha dirisha kwa kidole, akaweka shimo juu yake, ili nione. Nikamwambia nimeelewa. Akasema hapana, ngoja, akanieleza tena tangu mwanzo, mpaka tukafika Masumbwe.